Namna ya Kuandika Historia ya Kanisa Dogo Lililo Jirani na Mgodi wa Makaa ya Mawe

Kanisa la kijijini huandika historia yake pale kamati ya jubilei inapoketi na kukuta kwamba imebakiza miezi mitatu tu. Kwa haraka hiyo, kijitabu kinachotoka huwa ni kile kile kila mahali: jina la mmisionari wa kwanza, orodha ya wachungaji na miaka yao, picha ya jengo la nyasi, picha ya jengo la bati, na shukrani kwa wafadhili. Ikiwa jirani na kanisa kuna mgodi wa makaa ya mawe, mgodi huo hupewa sentensi moja, tena ya kuushukuru kwa mifuko ya saruji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya katibu wa ushirika wa kanisa, mwalimu mstaafu au kijana wa kwaya aliyekabidhiwa kazi hiyo na anayetaka kuifanya vizuri zaidi ya hapo. Rai yangu ni kwamba kanisa na mgodi visiandikwe kama historia mbili zilizopakana, kwa kuwa watu wake ni wale wale, na ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya kabati la kanisa lenyewe, hasa katika kitabu ambacho hakuna anayekifikiria, yaani kitabu cha sadaka.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye eneo la Mgodi wa Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako wilaya za Ileje na Kyela zinapakana, na ambako Wamoraviani, dhehebu la Kiprotestanti, wana shirika ndogo ndogo za waumini vijijini. Msomaji asiyeifahamu nchi hiyo asichanganye mgodi huo na mji mdogo wa Kiwira ulio kaskazini ya Tukuyu, penye chuo cha magereza. Kosa hilo hufanywa hata na watu makini. Pale inapofaa nitavuka hadi Mbinga mkoani Ruvuma, kwenye machimbo ya Ngaka, ambako kanisa lenye mizizi mirefu ni la Kikatoliki na vitabu vyake hupangwa kwa desturi nyingine.

Anza na jedwali la miaka

Kabla ya kufungua kitabu chochote, chukua karatasi pana uigawe safu mbili, moja ya kanisa na nyingine ya mgodi. Kwa eneo la Kiwira, safu ya kanisa itaanza na mwaka 1891, Wamoraviani kutoka Ujerumani walipofungua kituo cha Rungwe. Itafuata Vita Kuu ya Kwanza, ambapo wamisionari hao Wajerumani waliondolewa na kazi yao ikashikwa na Waskochi wa misioni ya Livingstonia, iliyoko Malawi ya leo, hadi Wamoraviani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika safu ya mgodi utaandika kwamba makaa ya eneo hilo yaliripotiwa na wataalamu wa Kijerumani tangu miaka ya 1890, lakini kwa sehemu kubwa yakabaki ardhini. Kwamba mgodi mdogo wa Ilima ulitangulia. Na kwamba mgodi wa chini ya ardhi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulianza uzalishaji mwaka 1988 ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Katikati ya miaka ya 2000 mgodi huo ulibinafsishwa, baadaye ukarejeshwa serikalini, na mwaka 2017 Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lilianza kuchimba kwa njia ya shimo la wazi katika eneo la Kabulo.

Pembeni acha safu nyembamba ya tatu kwa ajili ya mambo ya nchi nzima yaliyowagusa watu hao. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu katika sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo jina la kijiji kwenye kitabu cha zamani linaweza kuwa la mahali ambapo leo ni shamba tu. Mkoa wa Songwe, wenye Wilaya ya Ileje, ulianzishwa mwaka 2016, hivyo barua za serikali za kabla ya hapo zitafutwe Mbeya. Kisha kuna Wenela, yaani shirika lililoandikisha wachimbaji kwa ajili ya migodi ya Afrika Kusini. Kwa miaka mingi wanaume wa nyanda hizo waliandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka uhuru ulipokuja na kukomesha uandikishaji huo. Mgodi wa Kiwira ulipofunguliwa, neno "shimoni" halikuwa geni kwenye nyumba hizo, kwani babu alikuwa amelileta kutoka Johannesburg pamoja na blanketi na sanduku la bati. Jedwali hili likikaa ukutani, kila namba utakayoikuta vitabuni itakuwa na pa kuegemea.

Kuvifikia vitabu

Omba ruhusa kwa barua, hata kama mchungaji ni shemeji yako. Baraza la wazee likiisha kukubali na kuandika kibali hicho kwenye kumbukumbu za kikao, hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba ulipekua mambo ya watu. Vitabu visitoke kanisani. Vipige picha kwa simu mezani, karibu na dirisha, asubuhi, bila kuwasha mwanga wa simu, ukianzia na jalada na kuendelea ukurasa hadi ukurasa bila kuruka hata ule ulio mtupu, kwa sababu ukurasa mtupu nao ni habari. Kila picha ipewe jina lenye aina ya kitabu, mwaka na namba ya ukurasa siku hiyo hiyo. Ukiliacha kwa wiki moja, utakuwa na picha mia nne zisizo na mwenyewe. Ukikuta mchwa wameanza kazi, safisha kwa brashi laini tu, na kurasa zilizoshikana uziache zilivyo mpaka upate mtu anayejua.

Kumbuka pia kwamba vitabu hivi vina habari za watu walio hai: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa na kwa kosa gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mwandishi mwenye adabu asingeyachapa hayo. Yasome, yakusaidie kuelewa, kisha yaache kabatini.

Kitabu cha sadaka

Hapa ndipo ninapomshauri mwandishi akae muda mrefu. Kitabu kimoja nilichokaa nacho siku mbili kilikuwa kauntabuku nene, iliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu: tarehe, somo la siku, mahudhurio ya wanaume, wanawake na watoto, na mwisho fedha. Pembeni, kwa herufi ndogo, mhazini alikuwa ameandika mazao yaliyoletwa madhabahuni na bei yaliyopata mnadani baada ya ibada, kwa mfano mkungu mmoja wa ndizi, jogoo mmoja, nusu debe la mchele. Kurasa za mwanzo zilijaa maandishi hayo ya pembeni kiasi cha kuifunika safu ya fedha. Nilipofika kwenye miaka ya mgodi, pembeni palianza kuwa peupe.

Kupungua kwa mazao na kuongezeka kwa fedha taslimu ni dalili ya kwanza. Dalili ya pili huonekana ukizijumlisha Jumapili za kila mwezi moja moja. Sadaka ya wakulima hupanda na kushuka kwa msimu, kwani huchangamka baada ya mavuno na kudhoofika wakati wa palizi. Sadaka ya watu wa mshahara hupanda na kushuka ndani ya mwezi: Jumapili inayofuata siku ya malipo huwa nene, na ile inayoitangulia huwa nyembamba. Ukiona mwendo wa msimu ukigeuka kuwa mwendo wa mwezi, umeuona mgodi ukiingia kanisani, na unaweza kuutajia mwaka bila kumuuliza mtu. Ukiona tena mwendo wa mwezi ukipotea, fedha zikawa chache na za kulingana kwa Jumapili nyingi mfululizo, huku mahudhurio yakiwa yale yale, angalia jedwali lako la ukutani; huenda mishahara ilikuwa haitoki.

Usilinganishe shilingi za mwaka mmoja na za mwaka mwingine kama zilivyo, kwa kuwa shilingi mia moja ya mwaka 1988 na ile ya mwaka 1998 zinafanana jina tu. Tafuta kipimo ndani ya kitabu chenyewe. Mimi hutumia jogoo. Bei yake ya mnadani imeandikwa mara nyingi katika kila mwaka, hivyo sadaka ya Jumapili inaweza kuhesabiwa kuwa ni majogoo manne au kumi na mawili, na msomaji wa kijijini ataelewa mara moja bila kuchorewa chati. Dosari yake ni kwamba bei ya mnada wa kanisa hupandishwa na ukarimu, mtu akinunua jogoo kwa bei ya mbuzi ili kumtunza bibi aliyemleta, kwa hiyo chukua bei ya kati na uiache ile ya ajabu.

Safu ya mahudhurio nayo ina yake. Mgodi unaofanya kazi kwa zamu haujui Jumapili, na idadi ya wanaume ikipungua wakati ya wanawake na watoto imebaki palepale, yafaa uulize kama kulikuwa na zamu ya asubuhi siku hiyo. Hata hivyo usiharakishe kuhukumu. Jumapili moja mbaya inaweza kuwa ni mvua, msiba wa mtu mkubwa, au mhazini mpya asiyejua kuhesabu watoto. Kumbukumbu za vikao vya wazee zitakuondolea shaka, kwani humo huandikwa mambo kama ombi la kusogeza ibada mbele ili waliotoka zamu ya usiku wapate kuoga kwanza.

Ubatizo na ndoa

Katika kitabu cha ubatizo tazama majina ya ukoo na safu ya mahali mzazi alikotoka. Kwenye nchi ya Wanyakyusa na Wandali, majina ya watoto kama Lusajo, Lugano na Lwitiko, yaani baraka, upendo na imani, ni ya nyumbani. Sanga anapotokea, amekuja kutoka kwa Wakinga. Ngonyani ametoka Ruvuma. Massawe ametoka mbali zaidi, Kilimanjaro. Hesabu wageni hao mwaka kwa mwaka, uangalie pia wasimamizi wao wa ubatizo ni akina nani. Mgeni anayesimamiwa na mgeni mwenzake wa kotani bado yupo mlangoni. Anaposimamiwa na mzee wa kijiji, amepokewa. Safu hiyo ndogo inaeleza uhusiano wa kota za mgodi na kijiji kuliko hotuba nyingi za jubilei.

Kwa upande wa Wakatoliki, kama ilivyo Mbinga, kitabu cha ubatizo kina hazina ya ziada. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe pembeni ya jina lake katika kitabu cha parokia alikobatizwa, hata kama alifunga ndoa mahali pengine. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa kigangoni, yaani katika kanisa dogo lililo chini ya parokia, akaenda kuoa mbali anaweza kufuatiliwa kwa ile hati ya pembeni. Kwa ajili hiyo nenda parokiani, kwani kigango aghalabu hakina kitabu chake. Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, walikuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu za matukio ya misioni zao, na za awali ziko kwa Kijerumani. Tafuta mtu wa kukusomea mwandiko huo wa zamani kabla hujakata tamaa. Uchimbaji wa Ngaka wenyewe ni wa juzi, kwani ulianza mwaka 2011, na wengi waliouona ukianza wapo.

Makaburi

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya humwambia mtafiti aanze na mawe ya makaburi yanayolizunguka kanisa. Huku kwetu ushauri huo haufai sana. Wanyakyusa huzika nyumbani, karibu na nyumba na migomba, na mgeni aliyekufa akiwa mgodini mara nyingi husafirishwa kwao. Ukihesabu makaburi ya kanisani utafikiri hakuna aliyekufa. Tumia kitabu cha mazishi na daftari la rambirambi, kisha uwaombe wanafamilia ile karatasi ya wasifu wa marehemu iliyosomwa siku ya maziko. Karatasi hiyo, ambayo hukunjwa ikawekwa ndani ya Biblia, hutaja mwaka marehemu alioajiriwa, kitengo chake, mwaka alioacha kazi na hata ugonjwa aliougua. Wamoraviani wanapaswa kuithamini zaidi kuliko wengine, kwa sababu ni desturi yao ya karne nyingi kwamba muumini huandika maisha yake ili yasomwe atakapozikwa, na huko Herrnhut, Ujerumani, maandishi ya namna hiyo yamehifadhiwa kwa maelfu.

Wazee, wajane na ovaroli

Vitabu vikishakupa maswali, ndipo uende kwa watu. Mtafute mtu anayemfahamu mwenyeji akutangulie, amkia kama inavyopasa, keti, na ueleze umetumwa na nani. Daftari lisitoke mfukoni katika dakika za mwanzo. Mstaafu wa mgodi akiulizwa moja kwa moja habari za ajali atajibu kama anayejibu polisi. Lakini mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi au hati ya zamani ya mshahara, na kitu hicho kikiwa mezani atakieleza bila kusukumwa. Muulize alivaa nini siku ya kwanza, taa aliiweka wapi, alikula nini shimoni, na alirudije nyumbani. Waulize wazee habari za Wachina waliojenga mgodi: waliishi wapi, walilima mboga gani, walipitaje mbele ya kanisa siku ya Jumapili.

Wanawake wasiulizwe tu kuhusu waume zao. Mama mmoja alinieleza namna alivyokuwa akifua ovaroli ya mumewe peke yake, katika beseni lake, kwa maji matatu, ya kwanza yakitoka meusi tii, ya pili ya kijivu, ya tatu ya kuridhisha. Na shati jeupe la kwaya hakulianika kamwe kwenye kamba moja na ovaroli hiyo. Kutokana na maelezo hayo niliweza kuuliza habari za maji yalikotoka, vumbi la makaa lilifika wapi, na nani kwenye kota alikuwa na bomba. Wanawake hao ndio pia waliojua ni nyumba gani ilikopa unga mishahara ilipochelewa, na ni kikundi gani cha akina mama wa kanisa kilichopika kwa ajili ya kota bila kuangalia dhehebu. Kwa sababu hiyo waendee na Waislamu, Wakatoliki na Wapentekoste wa kota, kwani jirani wa kanisa hakuwa mshirika wa kanisa kila mara.

Mambo yatakayoleta ubishi ni matatu: ajali, mafao na ardhi. Kwa kila moja andika nani alisema, lini, na kama alishuhudia au alisikia. Lisilothibitishwa na watu wawili wasio wa nyumba moja liandikwe kuwa ni maelezo ya msemaji, na lisiambatane na jina la mtu wa kumlaumu. Kanisa lililopokea saruji ya mgodi litashawishika kulainisha mambo, na kijana mwenye hasira atashawishika kuyakoleza. Mwandishi awe na nakala ya barua au awe na kauli ya shahidi, la sivyo aache.

Kusoma rasimu mbele ya watu

Rasimu ikikamilika, usiipeleke kwa mchapishaji. Isome kwa sauti, sura moja kila Jumapili baada ya mnada, watu wakiwa bado wamekaa chini ya mwembe, na umweke kijana mwenye mwandiko mzuri aandike masahihisho. Utasahihishwa miaka, majina na ukoo, na pengine utaambiwa kwamba mwinjilisti uliyemsahau ndiye aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi kotani kila Jumatano jioni, wakati mchungaji anayesifiwa hakufika hata mara moja. Masahihisho mengine yatapingana. Yaweke yote mawili, na uonyeshe ni ya nani.

Kwa toleo la kuchapwa, omba namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na upange nakala kwa ajili ya ofisi ya jimbo, shule za jirani na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nakala moja ibaki ndani ya kabati la kanisa ikiwa na kurasa kumi tupu mwishoni na penseli iliyofungwa kwa uzi, kwa kuwa wajane wengine watakuja baada ya jubilei kwisha, na jina la mume lililokosewa herufi moja hawataliacha lipite.